Kasha Kwanza, Kamera Baadaye

Mwezi Februari mwaka 1856, katika ghuba ya Weymouth kusini mwa Uingereza, mwanasheria mmoja mpenda elimu ya viumbe, William Thompson, aliteremsha kamera baharini kutoka mashuani hadi kina cha pima tatu, yaani mita tano na nusu hivi. Kamera hiyo ilikuwa ndani ya sanduku lenye kioo upande wa mbele. Kwa kamba alifungua kifuniko cha mbele, akangoja dakika kumi, akakifunga tena na kulivuta sanduku juu. Lilipofunguliwa lilikutwa limeingia maji. Hata hivyo bamba lililopakwa dawa lilikuwa limeshika taswira hafifu ya chini ya bahari, na taswira hiyo huhesabiwa kuwa picha ya kwanza kupigwa chini ya maji.

Thompson alibahatika. Kamera yake haikuwa na betri, wala waya, wala kipande chochote cha elektroniki. Maji ya chumvi yaliichafua tu. Kamera ndogo ya mkononi ya siku hizi haina subira ya namna hiyo. Kijiko kimoja cha maji ya bahari kikigusa mkondo wa umeme ndani yake, chumvi huanza kula shaba ya saketi papo hapo, na aghalabu hakuna fundi awezaye kuirudishia uhai. Kwa hiyo mtu atakaye kupiga picha majini ananunua vitu viwili, kamera na kasha lake lisilopitisha maji, na swali linalostahili kujadiliwa ni kipi kitangulie kuchaguliwa.

Katika shule nyingi zilizo karibu na bahari au ziwa, utaratibu huwa ni huu: shule hupewa kamera au huinunua kwa kuwa imeonekana dukani kwa bei ya kuridhisha, kisha, baada ya miezi kadhaa, chama cha sayansi huanza kutafuta kasha la kuitosha. Utaratibu huu ni wa kinyume. Kasha gumu halitengenezwi kwa ajili ya kamera kwa jumla. Hutengenezwa kwa ajili ya toleo moja tu la kamera, ili kila kitufe cha nje kiangukie juu ya kitufe chake cha ndani na kioo cha kasha kikae mbele ya lenzi pasipo kuipunja. Tofauti ya milimita chache huharibu ulinganifu huo. Matoleo mengi ya kamera ndogo hayakutengenezewa kasha hata siku moja, na yale yaliyotengenezewa, aghalabu kasha lake hutoweka madukani punde kamera inapoacha kuundwa. Ndiyo maana inafaa kasha lichaguliwe kwanza, na kamera ichaguliwe kwa kufuata kasha.

Yawezekana mwalimu akauliza kama jambo hili lastahili uzito wote huo. Lastahili, kwa sababu ya kazi yenyewe. Mwanafunzi anayeelea juu ya mwamba wa matumbawe na kupiga picha za pono na viti vya pweza anajifurahisha, na hapana ubaya. Walakini kamera ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Ukipigilia vigingi viwili mahali pamoja kwenye mwamba, ukaweka fremu ya mita moja ya mraba kati yake, na kuipiga picha fremu ile kila mwaka katika msimu uleule, utapata kumbukumbu ambayo jicho peke yake haliwezi kuitoa: tumbawe lipi limekua, lipi limekufa, mwani umesogea kiasi gani. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi Magharibi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya eneo kubwa yakapauka na mengi kufa. Waliojua hasara ilikuwa kiasi gani ni wale waliokuwa na vipimo na picha za mahali palepale kabla ya mwaka huo. Chama cha wanafunzi chaweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Lakini kamera ikifa katikati ya mfululizo huo, mwaka uliokosekana hauwezi kupigwa picha tena.

Wanunuzi wengi, wakishika kasha mkononi, hutazama kwanza tarakimu iliyoandikwa juu yake: mita 30, mita 40, mita 60. Huifanya tarakimu hiyo kuwa kipimo cha ubora, nao wauzaji hawana sababu ya kuwakosoa. Fizikia yafaa isemwe hapa, kwani mahesabu yake ni ya kidato cha pili. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza kanieneo ya takriban angahewa moja, yaani newtoni 10 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Hewa iliyofungiwa ndani ya kasha hubaki na kanieneo ya nchi kavu, kwa hiyo nyongeza yote ya maji hubebwa na kuta. Kifuniko cha nyuma chenye urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 8 kina eneo la sentimita za mraba 96. Katika kina cha mita 10 husukumwa kwa kani ya newtoni 960, ambayo ni karibu sawa na kulazwa juu yake gunia la kilo mia moja. Katika kina cha mita 40 ni magunia manne.

Plastiki ngumu ya polikaboneti, ambayo kwayo makasha mengi ya kamera ndogo huumbwa, hubeba magunia hayo bila shida ikiwa haina ufa. Kasha la alumini hubeba zaidi, nalo hudumu miaka mingi, lakini ni zito na bei yake mara nyingi huzidi ya kamera iliyomo. Zaidi ya hayo, mwanafunzi mwenye miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia hafiki mita 40. Hufanya kazi yake katika mita mbili, tatu, pengine tano. Kumnunulia kasha la mita 60 ni kumlipia kina ambacho hatakiona.

Kuna jambo jingine ambalo tarakimu ile hulificha. Maji mengi yaingiayo katika makasha huingia karibu na uso wa bahari, katika mita ya kwanza au ya pili, wala si katika kina kirefu. Jambo hili huwashangaza wanafunzi mpaka watazame jinsi kasha linavyozibwa.

Ukuta haupitishi maji. Panapoweza kupita ni kwenye kiungo. Kati ya mwili wa kasha na kifuniko chake hukaa pete ya mpira katika mfereji uliochongwa kwa kipimo, ileile ambayo mafundi wa pampu huiita oringi. Kifuniko kinapofungwa, pete hubanwa kidogo na kujaza nafasi iliyopo. Kasha linapozama, maji huikandamiza pete upande mmoja wa mfereji na kuibana zaidi, hata ikaziba vizuri kuliko ilivyoziba hapo juu. Kwenye uso wa maji msaada huo haupo. Hapo pete hutegemea komeo la kifuniko peke yake, na wakati huohuo mawimbi hupiga, mkono huteleza, kasha hugongwa na ukingo wa ngalawa. Unywele mmoja uliolala juu ya pete watosha kuwa mfereji. Punje ya mchanga yatosha pia, nayo huongeza ubaya kwa kuikata pete inapobanwa, hata kasoro ikabaki baada ya punje yenyewe kuondolewa.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi mwangalifu angepaswa kuanza na pete na kumalizia na tarakimu. Je, pete yatoka kwa urahisi ili isafishwe, au imezama mahali ambapo kidole hakifiki? Je, ni moja au mbili zikifuatana, ili ya pili idake kilichoiponyoka ya kwanza? Je, kasha limekuja na pete ya akiba, na duka laweza kuagiza nyingine mwaka ujao? Je, mwili wa kasha ni mwangavu? Swali hili la mwisho huonekana dogo, lakini kasha mwangavu humwonyesha mpigaji picha namna pete ilivyokaa pande zote kabla hajaingia majini, na humwonyesha tone la kwanza lililoingia wakati ambapo bado anaweza kupanda juu. Kasha jeusi humficha yote mawili.

Pete hupakwa grisi kidogo mno, kiasi cha kung'aa tu. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuifanya pete iteleze na kujipanga bila kujikunja. Itumike ile iliyotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa aina za mpira hazifanani, na mafuta yanayofaa aina moja huivimbisha nyingine. Mafuta ya kujipaka mwilini, ambayo hupatikana kila nyumba na kwa hiyo hushawishi, hayafai kabisa.

Si kila kasha hushindana na maji kwa ugumu. Mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer kusini mwa Ufaransa, mtaalamu wa wanyama Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari kwa kasha alilosaidiwa kulibuni na ndugu yake Auguste, aliyekuwa mhandisi. Walitia mpira wenye hewa uliounganishwa na kasha. Kadiri kasha lilivyozama, maji yaliubana mpira, nao ukasukuma hewa yake ndani, hata kanieneo ya ndani ikalingana na ya nje. Ukuta ambao unasukumwa sawasawa pande zote mbili hauhitaji kuwa mnene. Ni fikra nzuri, na mwalimu angeweza kuifanya jaribio la darasani kwa chupa, mrija na puto.

Mifuko laini ya plastiki iuzwayo kwa bei ndogo hutumia fikra iliyo jirani na hiyo pasipo kuikamilisha. Maji huubana mfuko wote, hewa ya ndani husinyaa, na katika mita chache tu plastiki hugandama juu ya kamera hata vitufe visiweze kubonyezwa, au vibonyezwe vyenyewe. Dirisha la mfuko hujikunja mbele ya lenzi, na picha hutoka kama iliyopigwa kupitia chupa. Mfuko wafaa mvuani na ndani ya mtumbwi, hasa dhidi ya maji yanayorushwa na kasia. Kwa kazi ya fremu na vigingi haufai, hata ukitolewa bure.

Kioo cha mbele nacho kina neno lake. Mwanga husafiri majini kwa takriban robo tatu ya mwendo wake hewani, kwa hiyo hupinda unapotoka majini kuingia katika hewa iliyo nyuma ya kioo. Samaki aliye umbali wa mita moja huonekana kama yu sentimita 75, na pembe ya kuona ya lenzi hupungua kwa robo hivi. Wapiga picha wa samaki mmoja mmoja hawajali. Mpiga picha wa fremu hujali sana, kwani ili mita yote ya mraba iingie katika picha hana budi kurudi nyuma, na kila anavyorudi nyuma ndivyo maji yenye vumbi yanavyoongezeka kati yake na tumbawe. Dawa yake ni kioo cha mbele kilichoumbwa kama kuba, au lenzi ya nyongeza ifungwayo nje ya kasha, hukohuko majini. Makasha ya kamera ndogo kwa kawaida huwa na kioo bapa. Basi na itazamwe kama kingo za kioo zina hesi za kupokelea lenzi hiyo, hata ikiwa itanunuliwa miaka miwili baadaye.

Kuhusu rangi, itoshe kusema kwamba maji huumeza mwanga mwekundu katika mita chache za kwanza. Katika kina cha wanafunzi, jua la saa sita likiwa wazi, picha husahihishika. Taa ya kamera husaidia kwa vitu vya karibu tu. Kwa vya mbali humulika vumbi la maji na kujaza picha madoadoa meupe.

Ukungu ni adui mwingine, na katika mwambao wa joto ni adui wa kila siku. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa mvuke hubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 25 hubeba 23. Kasha lenye nafasi ya nusu lita likifungwa ufukweni adhuhuri kisha likatiwa katika maji ya nyuzi 25, miligramu tatu na nusu za maji hazina pa kukaa. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya tone, nayo hutandaa yote juu ya kioo baridi, mbele ya lenzi. Wengi hudhani kasha limevuja, nalo halikuvuja. Tiba ni kulifunga kasha mapema asubuhi, mahali pakavu, pamoja na kifuko cha chembe za silika, na kutolifungua tena mpaka kazi iishe. Kulifungua juu ya mchanga ili kubadilisha betri huleta maradhi mawili kwa mara moja.

Sasa yabaki kuamuliwa. Wapo wasemao kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa kuna kamera zisizohitaji kasha. Ni kweli kwamba zipo, wala si jambo geni: Nikon ilitengeneza Nikonos, kamera ya filamu iliyozama bila kasha, tangu mwaka 1963 hadi 2001. Miongoni mwa kamera ndogo za dijiti, Olympus TG-6 ya mwaka 2019 na TG-7 iliyotolewa mwaka 2023 kwa jina la OM System huruhusiwa na mtengenezaji kufika mita 15 zenyewe. Lakini kinga yao nayo ni pete za mpira zilizo kwenye vifuniko vya betri na vya nyaya, nyembamba kuliko za kasha, na vifuniko hivyo hufunguliwa kila siku. Simu zitangazwazo kuwa hazipitishi maji hupimwa katika maji yasiyo na chumvi, zikiwa mpya, zikiwa zimetulia. Mwamba wakati wa bamvua hautulii.

Maoni yanayotetewa hapa ni kwamba kamera hizi haziondoi haja ya kasha. Zinaikamilisha. Shule yenye kamera moja tu, na isiyo na tumaini la kupata nyingine karibuni, ingechagua kasha gumu na mwangavu ambalo ndani yake hukaa kamera ambayo yenyewe yaweza kustahimili maji. Kasha la PT-059, mathalani, ambalo kina chake ni mita 45, huzitosha TG-6 na TG-7 zote mbili. Yaani kamera ya kwanza ikichakaa, kasha halitupwi. Na kasha likivuja, kamera haifi. Mwanafunzi hupanda juu, huifuta, huisuuza, na mfululizo wa picha huendelea mwaka ujao. Ni kuta mbili badala ya moja, na kila moja husubiri kosa la mwenzake. Shule isiyoweza kulipia vyote viwili kwa pamoja na inunue kamera ya aina hiyo kwanza, ikiwa imekwisha kuhakikisha kwamba kasha lake lipo sokoni, na iitumie bila kasha katika maji ya magotini mpaka fedha zipatikane. Ile fedha ambayo ingetiwa katika mita 60 za kina na itiwe katika pete za akiba, mkebe wa grisi na ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Ndoo si mzaha: kasha litokalo baharini hulowekwa humo kwa muda wa nusu saa hivi likiwa bado limefungwa, na vitufe hubonyezwa humohumo, kwani chumvi ikikaukia kwenye springi zake hugeuka chembe ngumu zinazokata mpira kama mchanga.

Kasha jipya lisiaminiwe siku ya kwanza, hata kama boksi lake lina muhuri. Wanafunzi walisafishe, waitazame pete kwa lenzi ya maabara, waweke ndani karatasi laini kavu na jiwe la uzito wa kamera, kisha walifunge na kulishindilia chini ya pipa lililojaa maji kwa saa moja, huku wakibonyeza kila kitufe mara ishirini. Jaribio lirudiwe siku ya pili baharini, kwa kamba, katika kina watakachofanyia kazi. Baadaye kasha hukaushwa kwa nje, hufunguliwa likiwa limeinamishwa kifuniko chini, na karatasi hutolewa na kuinuliwa dirishani. Palipolowa huonyesha njia ya maji: pembeni ni pete, katikati ni kitufe, mbele ni kioo. Wanafunzi huandika katika daftari, huisafisha pete na kuanza upya. Kamera bado iko kabatini.